Beseni Lililopinduliwa kwenye Mstari wa Samaki

Ukiingia sebuleni kwangu hapa Busia, kabla hujapata kiti utakuwa umeshaiona diploma yangu. Niliitundika mkabala na mlango makusudi. Fremu yake ni ya mbao ngumu, kioo chake hupanguswa kila Jumamosi, na mgeni asiyeiuliza huwa namsaidia kuiona. Ni diploma ya kemia ya viwandani. Niliisoma jioni, baada ya kushinda kutwa nikichanganya rangi katika kiwanda kimoja Nairobi, na darasani wenzangu walikuwa wananikalia mbali kwa sababu ya harufu ya tapentaini. Hakuna aliyenilipia. Baadaye nikaenda Ghuba kupima maji ya bahari yanayogeuzwa kuwa ya kunywa, nikapanda cheo hadi wahandisi wa nchi za watu wakawa wanasubiri saini yangu kabla ya kufungua bomba. Kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, si kwa kufukuzwa.

Leo nina karakana ya sabuni ya maji na dawa za kusafishia. Wateja wangu wakubwa ni madereva wa malori wanaopanga foleni pale Malaba wakingoja kuvuka mpaka, watu ambao mikono yao imeshiba grisi hadi kwenye kucha. Sabuni ya kawaida wanaicheka. Yangu hawaicheki. Wananiita Daktari wa Sabuni, na mimi sijawahi kumsahihisha mtu.

Naeleza haya ili ieleweke kwa nini nilisimama ghafla, ndoo ikanimwagikia kiatuni, siku dada yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba binti yake anaacha kemia.

"Anaacha namna gani?" niliuliza.

"Vile watu huacha. Jumatatu wanarudisha fomu ya kuchagua masomo. Kemia hataki. Anachukua biashara."

"Na maabara ya hospitali?"

Sote tulijua habari ya maabara. Mpwa wangu alipokuwa mdogo alimsindikiza nyanya yake, yaani mama yetu, hospitali ya misheni, akamwona mwanamke mwenye koti jeupe akichukua tone la damu, akainamia hadubini, akasema kilicho ndani. Tangu siku ile mtoto hakutaka kazi nyingine. Alikuwa akiwapima kuku.

"Kaka, nisikilize," dada alisema. "Kuna ajenti wa forodha Malaba, mtu wa kanisa letu. Amesema huyu akimaliza shule na biashara yake ikiwa sawa, atampa dawati ofisini. Dawati liko. Nimeliona na macho. Hiyo maabara yenu sijaiona mlango."

Sikuwa na jibu zuri, kwa hiyo nilitoa jibu la sauti kubwa. Nilimwambia kwamba katika ukoo wetu wote mwenye kemia ni mimi peke yangu, na kwamba sikukaa kwenye joto la Ghuba ili elimu hiyo izikwe nami. Nikamwambia nakuja.

"Njoo," alisema. "Uje na unga."

Dada yangu anaishi nje kidogo ya Funyula, katika nyumba ya mama. Anauza samaki sokoni kama mama alivyouza, na anaketi palepale mama alipoketi. Nilifika Ijumaa jioni na unga, sukari, na silaha yangu kubwa: jedwali la elementi nililolinunua Ghuba, la plastiki nzito, refu kama mlango, kila kundi na rangi yake na kila kisanduku kimejazwa. Nililitundika ukutani juu ya kabati la vyombo. Likafunika kalenda ya kanisa na picha ya harusi ya dada. Hakuna aliyesema neno, nami nikachukulia kwamba wamevutiwa.

Mpwa wangu aliketi kwenye mkeka, mikono mapajani, kwa adabu ya mtu anayengoja sindano. Nami nikaanza mwanzo kabisa. Nikamweleza Wagiriki wa kale waliosema kwamba ukikata kitu na ukazidi kukikata, utafika kwenye chembe isiyokatika. Nikaja kwa yule mwana wa mfumaji nguo wa Uingereza, aliyeanza kufundisha shule akiwa bado mtoto, asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani, lakini ndiye aliyesema kila elementi ina atomu zake na kila atomu ina uzito wake. Hakuwa na mizani ya kupima atomu moja, hata leo si jambo la mizani ya dukani, kwa hiyo akaipa hidrojeni moja, na nyingine zote akazilinganisha nayo. Maji aliyakosea. Alidhani ni hidrojeni moja kwa oksijeni moja, na hesabu zake za oksijeni zikaharibika. Nikamweleza Mjerumani, mtoto wa dereva wa gari la farasi, aliyeona kwamba elementi hupenda kwenda tatu tatu. Nikamweleza Mwingereza mwingine aliyesema tabia zinajirudia kila ukifika ya nane, kama sauti za muziki, wakubwa wakamcheka mkutanoni wakamuuliza kama amejaribu kuzipanga kwa herufi za alfabeti. Ugali ulipoa. Nilikuwa sijamfikia Mrusi aliyelipanga jedwali lenyewe.

"Sasa," nilisema, "nitajie ishirini za kwanza."

Alianza vizuri. Hidrojeni, heli, lithiamu, berili. Akafika boroni, kaboni. Hapo akatazama chini.

"Endelea."

"Imepotea, mjomba."

Mama yake ndiye aliyenieleza, akiwa anageuza samaki jikoni. Shuleni mwalimu aliwasimamisha kwenye mstari, kila mwanafunzi akawa elementi, wakawa wanajitaja mmoja baada ya mwingine. Ilipomfikia yeye, alisahau yeye ni nani. Mstari ukakatika. Darasa zima likacheka, na tangu siku ile wanamwita Pengo. Hata wa kidato cha kwanza wanamwita hivyo.

Mimi, badala ya kunyamaza, nilisema: "Mimi enzi zangu nilizitaja zote nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja."

"Kwa nini mguu mmoja?" mpwa aliuliza.

"Kiatu cha pili kilikuwa kwa fundi."

Alitabasamu kidogo, kisha akasema kwa upole, akilitazama lile jedwali langu kubwa: "Mjomba, asante. Lakini hao wazee wote wamekufa. Mimi nitafeli nikiwa hai."

Dada alicheka hadi akaweka mwiko chini.

Nililala nimeudhika. Nilikuwa nimempa kila kitu nilichokuwa nacho, na bado fomu ilikuwa pale kabatini, imejazwa kwa kalamu yake mwenyewe, biashara ikiwa na alama ya vema, kemia ikiwa wazi. Ilikosa saini ya mzazi tu.

Jumamosi ni siku kubwa ya soko. Mpwa humsaidia mama yake, nami nikaenda nao, kwanza kwa sababu sikuwa na mpango mwingine, pili kwa sababu mtu aliyefanikiwa anapaswa kuonekana sokoni kwao.

"Dubai ameingia!" alipaza sauti mama mmoja wa omena. "Dubai, leo unatununulia soko lote ama nusu?"

"Nusu," nilisema. "Nusu nyingine nimewaachia maskini."

"Aiii! Kijana wa mama huyo. Mdomo ule ule."

Wale wanawake wamenijua tangu nikiwa mtoto wa kufukuza nzi. Sehemu yao ya samaki haikupangwa na afisa yeyote. Waliipanga wenyewe zamani, na inapendeza kuliko ofisi nyingi nilizofanya kazi. Mstari wa mbele, karibu na mfereji wa maji, ni samaki wabichi, kwa kuwa wanahitaji kuoshwa. Mstari wa pili ni samaki wa kukaanga. Wa tatu, nyuma kwenye jua, ni wakavu. Na kila mstari unaanzia upande uleule: omena, dagaa wa ziwani, mwanzo, kisha fulu wadogo, kisha ngege ambao ni perege, na mbuta, yaani sangara, mwisho karibu na barabara, maana ni mzito na hakuna anayetaka kumbeba mbali. Ukisimama mbele ya ngege wabichi ukatazama moja kwa moja hadi nyuma, utaona ngege wa kukaanga, halafu ngege wakavu. Dada yangu ndiye wa ngege wakavu. Mnunuzi haulizi njia.

Wana desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonilea. Mwenye nafasi akikosa kuja kwa ugonjwa, matanga au uzazi, beseni lake hupinduliwa pale anapoketi. Beseni likiwa limepinduliwa, hapo pana mtu. Hakuna anayekaa hapo, hata soko likijaa hadi barabarani.

Asubuhi ile kulikuwa na beseni la kijani limepinduliwa katikati ya mstari wa kukaanga. Akaja mchuuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, mama mnene mchangamfu, na kikapu cha ndizi mbivu kichwani. Alitafuta nafasi, akaiona ile, akaanza kushusha kikapu.

"Nyabo, hapo pana mtu," alisema mama wa mbuta, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Mtu gani? Mimi naona beseni."

"Beseni ndiyo mtu."

"Banange! Hili beseni linauza nini? Mbona halisalimii?"

"Wewe lisalimie uone. Litakuitikia na mwiko."

Walicheka wote, pamoja na mwenye ndizi. Mwishowe wakamsogezea mahali pazuri ukingoni, mwisho kabisa wa mistari, ambapo hakumsumbua mtu. Akaketi, akampa kila mtu ndizi moja kwa ujirani mwema.

Nilimwuliza mpwa wangu beseni lile ni la nani.

"Ni mama mmoja wa Busibwabo, amejifungua. Mimi sijawahi kumwona. Alianza kuja nikiwa shule."

"Kama hujawahi kumwona, unajua anauza nini?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyelewa asubuhi.

"Mjomba. Kushoto kwake fulu wa kukaanga. Kulia kwake mbuta wa kukaanga. Mbele yake ngege mbichi. Nyuma yake mama, ngege mkavu. Sasa yeye atauza nini? Sukuma wiki?"

"Na bei yake?"

"Juu ya fulu, chini ya mbuta. Hata kuulizwa hakuna haja."

Niliketi juu ya kreti la soda. Nina haki ya kusema kwamba wazo lililonijia pale lilikuwa langu mwenyewe, na ni wazo zuri. Lakini nilipoketi, macho yangu yalienda mahali pa dada, na kabla ya kemia nilimkumbuka mama.

Nilikuwa kidato cha pili, kama mpwa wangu, mama alipovunjika mguu akalazwa hospitali ya misheni. Alikaa huko msimu wote wa mvua ndefu. Kila nilipopita sokoni nikitoka shule, nilitazama kwa hofu mahali pake, nikitarajia kumkuta mtu mwingine, kwa sababu mahali pale ndipo palipokuwa chakula chetu na shule yetu. Kila mara nililikuta beseni la mama limepinduliwa, matope yamelirukia, na mbele na kando zake wanawake wameketi kama kawaida, wakizungumza juu yake kana kwamba mama yupo katikati na ameinama tu. Wageni walikuja, wakaambiwa hapo pana mtu. Wengine waligomba. Mama aliporudi na mkongojo wake, aliligeuza beseni, akaketi, na kabla ya saa sita alikuwa ameuza. Wateja walikuwa bado wanajua njia ya kufika kwake. Ile diploma iliyo mkabala na mlango wangu ina saini ya mkuu wa chuo. Ningekuwa na uwezo, ningeongeza alama za vidole vya wale wanawake, zenye mafuta ya samaki, palepale chini ya muhuri.

Niliwaambia hivyo Jumamosi ile. Mama wa omena akasema, "Shukrani tumesikia. Sasa nunua."

Nikanunua. Nilinunua hadi gari langu linanuka mpaka leo.

Jioni nililitoa jedwali langu ukutani. Picha ya harusi ikaonekana tena, na dada akaguna kwa kuridhika. Nilikuwa na katoni tupu za chupa za sabuni kwenye gari. Nikazikata vipande vidogo kama karata, nikaandika juu ya kila kimoja jina la elementi, uzito wake, na tabia yake kwa maneno yetu: huyu anawaka akiguswa na maji, huyu ni gesi yenye sumu, huyu anashikana na wanne, huyu na mmoja. Vingine nikavificha mfukoni. Nikamwaga vingine vyote mkekani.

"Nini hii?" mpwa aliuliza.

"Soko. Wapange. Wepesi waanze, wazito wafuate. Lakini wenye biashara moja wakae mmoja nyuma ya mwingine, kama ngege na ngege."

"Na kama mtu hayupo?"

Nikampa vifuniko vya chupa. "Pindua beseni."

Alianza kwa kuchoka, kisha akasogea karibu, kisha akapiga magoti. Wakali wa majini aliwaweka pamoja: lithiamu mwenye saba, nyuma yake potasiamu mwenye thelathini na tisa. Akasita.

"Hawa wameachana sana. Katikati hapa kuna mtu."

"Mtu gani?"

Alifanya hesabu kwa midomo, vile mama yake hufanya akigawa bei. "Uzito wake ishirini na tatu. Kwenye maji atakuwa mkali kuliko huyu wa mbele, lakini hamfikii huyu wa nyuma." Akaweka kifuniko, amekipindua.

Niliingiza mkono mfukoni nikamtolea sodiamu. Ishirini na tatu. Alikichukua kile kipande cha katoni kwa mikono miwili.

"Hiyo ndiyo hesabu ya yule mtoto wa dereva wa farasi," nilimwambia. "Tatu tatu. Wa katikati ni nusu ya jumla ya wawili wa kando."

"Mbona jana hukusema hivyo?"

"Jana nilisema. Ulikuwa unangoja ugali."

Dada alikuwa mlangoni akichambua mboga, akijifanya hatusikilizi.

Ndipo nilipomfikia Mrusi. Nilimweleza kwamba yule mtu naye aliandika elementi kwenye vipande vya karatasi, moja moja, akawa anazipanga na kuzipangua kama mcheza karata. Wenzake waliotangulia walikuwa wanazisukuma zijae, pasibaki nafasi, na ndiyo maana mistari yao ilikwenda kombo. Yeye akafika mahali elementi iliyofuata kwa uzito haikufanana na jirani zake, na badala ya kuilazimisha ikae, akaacha wazi. Akasema hapa pana mtu, hajafika. Na akasema atakuwa na uzito gani, rangi gani, atashikana na nani. Chini ya silikoni aliacha pengo akasema atakuja mwenye sabini na mbili. Watu walimwona anaota. Baada ya miaka kadhaa Mjerumani mmoja alichambua jiwe la mgodini akampata, sabini na mbili na kidogo, na tabia zilezile.

"Kwa hivyo Mrusi alisifiwa kwa sababu ya mapengo," mpwa alisema polepole.

"Waliojaza kila mahali hatuwataji sana."

Hakusema kitu kuhusu jina lake la shuleni, nami nilikuwa na akili ya kutosha kutolitaja.

Mwisho wa mpangilio alinikamata. Telluriamu alikuwa na mia ishirini na nane, iodini mia ishirini na saba. Kwa uzito, iodini ndiye wa kutangulia. Yeye akamweka telluriamu mbele na iodini nyuma.

"Umekosea," nilisema, kumjaribu. "Mzito ametangulia."

"Najua. Lakini huyu iodini ni wa kina klorini. Tabia ni yao kabisa. Nikimweka hapa kwa salfa watagombana. Uzito utajipanga wenyewe, mjomba, ama mwenye kupima alikosea."

Mrusi alifanya vivyo hivyo, kwa ujasiri uleule, na hata yeye alidhani mwenye kupima alikosea. Hakukosea. Ilibidi dunia imngojee kijana mmoja Mwingereza, aliyekuja kufa vitani angali mbichi, aonyeshe kwamba zamu ya elementi hutokana na hesabu ya chaji katika kiini chake, wala si uzito. Nilimweleza hayo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kujieleza nilisikilizwa hadi mwisho.

"Na heli?" aliuliza. "Hujaniletea heli. Shuleni ni wa pili."

"Mrusi hakuwa naye. Heli na wenzake hawachanganyiki na mtu, kwa hiyo hakuna aliyewaona wakifanya lolote. Walikuja baadaye, kundi zima."

"Wakawekwa wapi?"

"Ukingoni. Safu mpya, mwisho wa mistari. Hakuna aliyesogezwa kutoka mahali pake."

"Kama mama wa ndizi," alisema.

Dada aliweka mboga chini. "Huyo Mrusi," aliuliza, "alisomeshwa na nani?"

Nilimwambia ninachokijua. Baba yake alipofuka akafariki. Mama yake alikuwa akiendesha kiwanda cha vioo ili watoto wale, kikaungua. Basi akamchukua kitinda mimba wake, wakasafiri kutoka mbali kabisa, nchi ya barafu, hadi mji mkubwa, ili apate chuo. Chuo cha kwanza kilimkataa. Wakasafiri tena hadi kingine, kikampokea. Mama yule hakuishi sana baada ya hapo. Hakuliona jedwali.

Dada alitazama karata za katoni mkekani. Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe unataka nini? Usiniambie anachotaka mjomba wako. Huyo anataka kusifiwa."

"Nilitaka maabara, mama. Niliogopa tu kusimama tena kwenye ule mstari."

"Na sasa?"

"Sasa nikisahau jina langu nitawatazama majirani."

Dada hakucheka. "Dawati la Malaba halitakungoja. Nikimwambia yule ajenti hapana, ataweka mtu mwingine, na yeye hana beseni la kupindua. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kaka, na wewe? Utamfundisha, ama utarudi kwa madereva wako?"

Nilisema nitakuja kila Jumamosi, na nimekuwa nikija. Nalipwa samaki.

Jumatatu shule ilitaka mzazi aje mwenyewe, kwa kuwa fomu ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya. Jumatatu lori la samaki hufika kutoka ziwani, na asiyekuwepo hupata mabaki. Niliwachukua kwa gari, tukapitia sokoni ili dada aache mzigo wake. Wanawake walikuwa tayari wamejipanga. Mpwa alishuka na fomu mkononi, amevaa sare, na dada akatafuta mahali pa kuandikia. Meza hakuna. Alilichukua beseni la mama, lile la bati lililokwaruzika, akalipindua mahali pake nyuma ya ngege wa kukaanga, akaiweka fomu juu, akapiga magoti kwenye vumbi akatia saini mbele ya kemia. Alitia saini polepole, herufi moja moja.

Kisha akasimama, akakung'uta magoti, na hakuligeuza beseni.

"Unaenda wapi na lori liko njiani?" aliuliza mama wa mbuta.

"Shuleni kwa mtoto."

"Ni mgonjwa?"

"Ni mzima. Anasoma kemia."

Mama wa mbuta alinitazama mimi, akamtazama mpwa wangu na sare yake, akavuta beseni lake mwenyewe kidogo ili lisiguse la jirani. Nyuma yetu mtu mwenye gunia la mihogo alikuwa ameshaiona ile nafasi, anakuja upesi.

"Nendeni," alituambia mama wa mbuta bila kugeuka. Halafu, kwa yule wa mihogo, kwa sauti ya kufika barabarani: "Boss, hapo pana mtu!"